Panga Bustani kwa Majani Kwanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wanaoanza bustani za nyumbani hapa Dar es Salaam huniuliza maswali yale yale. Nipande maua gani yenye rangi kali? Mbona nimenunua miche ya kila aina na uwanja bado hauvutii? Nina kipande chembamba tu kando ya ukuta, kinaweza kuwa bustani? Nimeyajibu kwa mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa nayaandika mahali pamoja, ili unapoingia kitaluni kununua mche wa kwanza uwe unajua unaununua ufanye kazi gani.

Nianze na mama mmoja jirani yangu. Aliniita barazani kwake, akanikaribisha kiti, akanionyesha kitanda cha maua mbele yetu. "Mwanangu," akasema, "hela nimetoa, maji namwagilia kila jioni, lakini nikikaa hapa sioni kitu." Tukahesabu pamoja. Alikuwa na krotoni kumi na nne, kila moja na rangi yake, haibiskasi sita na iksora kadhaa. Mimea yote ilikuwa na afya. Ila kila jani pale lilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Jicho lilikuwa likipita juu ya kile kitanda bila kupata pa kutua. Tuliondoa krotoni tisa, akawagawia majirani, tukaweka majimbi matatu yenye majani makubwa, kangaga na mchaichai. Masika ilipokwisha, kile kitanda kilikuwa kingine kabisa, na wala hatukuongeza ua hata moja.

Kilichobadilika ni umbile la majani, yaani ukubwa wa jani, umbo lake, na namna ngozi yake inavyopokea mwanga. Pitisha kiganja juu ya mkeka mzuri wa ukindu, kisha juu ya jamvi. Vyote vimesukwa, lakini mkono unajua tofauti hata gizani. Mimea nayo iko hivyo, isipokuwa hapa jicho ndilo linalopapasa. Nadharia inaishia hapo. Maua ya mimea mingi hukaa wiki chache, majani unayo mwaka mzima, kwa hiyo tunapanga majani kwanza.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera
- Daftari, penseli na futi ya kupimia
- Kamba na vigingi vinne au zaidi
- Jembe, koleo, reki na ndoo
- Mkasi wa kupogolea
- Glavu, na miwani ya kukinga macho kama utashika minyaa au mkonge
- Samadi iliyooza vizuri au mboji. Kwa kitanda cha mita 6 kwa mita 1.5, andaa ndoo kumi na tano hadi ishirini za lita 20
- Matandazo: nyasi kavu, majani makavu au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa
- Subira ya siku mbili au tatu kabla ya kununua chochote

Hilo la mwisho nimeliandika kwa makusudi. Karibu kila bustani niliyoitwa kuirekebisha ilianzia kitaluni, mtu akavutiwa na mche, akaununua, akarudi nyumbani ndipo akaanza kutafuta pa kuuweka.

Majira nayo ni muhimu. Kwa ukanda wa pwani, panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, au vuli inapoanza, Oktoba na Novemba. Ukipanda Januari kwenye jua la kiangazi, utamwagilia mara mbili kwa siku na bado miche mingine itakufa.

Hatua ya 1: Kaa pale unapokaa kila siku

Usianzie kwenye kitanda, anzia kwenye kiti chako. Bustani ya nyumbani huangaliwa kutoka sehemu mbili au tatu tu: barazani, dirisha la jikoni, na getini unapoingia. Chagua moja iwe kuu, ukae hapo saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kila mara andika jua liko wapi na kivuli kimeangukia wapi.

Jua litakuamulia mambo mengi. Majani yanayong'aa, kama ya filodendroni au ya ule mmea wa ZZ unaouzwa kila kitalu (na ambao asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo), huonekana vizuri kivulini kwa sababu hurudisha ule mwanga mdogo uliopo. Majani membamba, kama ya mchaichai, hupendeza jua la jioni linapopita kati yake kutokea nyuma. Ukivibadilisha mahali, vyote viwili vinapotea.

Hatua ya 2: Piga picha, kisha iondoe rangi

Kutoka kwenye kile kiti, piga picha ya eneo lako kama lilivyo. Fungua sehemu ya kurekebisha picha kwenye simu, uifanye nyeusi na nyeupe. Sasa angalia.

Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote katika mwongozo huu, usiliruke. Rangi ikiondoka, kinachobaki ni umbile tupu. Picha ikionekana kama uji, kijivu cha aina moja kutoka upande hadi upande, basi majani yako yote yanalingana, na kuongeza rangi hakutakusaidia. Ukiona madoa makubwa, mistari na vumbi laini vimetengana wazi, una msingi mzuri tayari. Yule mama nilimwonyesha picha ya kitanda chake bila rangi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe zote ni moja."

Angalia pia kilicho nyuma. Ukuta wa tofali ambao haujapigwa plasta una mikwaruzo na mistari mingi. Ukiupandia majani madogo madogo mbele yake yanamezwa, unataka majani mapana yaliyotulia. Ukuta laini wenye rangi moja unabeba chochote, hasa majani membamba yanayoacha kivuli juu yake.

Hatua ya 3: Pima na uchore

Pima urefu na upana. Kitanda chenye upana chini ya mita 1 kinakupa safu mbili tu za mimea. Mita 1.5 inakupa safu tatu, na hapo ndipo umbile linapoanza kuonekana. Kama una nafasi, ongeza upana kabla ya kuongeza urefu.

Chora mstatili kwenye daftari. Weka alama ya bomba la maji, chemba ya maji machafu, nguzo na mlango. Usipande chochote kikubwa juu ya chemba, maana siku ya kuizibua fundi hatajali ulipanda nini.

Hatua ya 4: Kusanya majani, uyagawe mafungu matatu

Tembea mtaani kwako. Omba jani moja moja kwa majirani, uliza kitaluni, chuma yale ya uwanjani kwako. Yapange juu ya mkeka mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni majani mazito: makubwa kuliko kiganja kilichokunjuliwa, au yenye umbo la nguvu linaloonekana toka mbali. Humo yamo majimbi ya mapambo, monstera, mgomba wa mapambo, helikonia, mpapai, na mkonge wenye panga zake nene.

Fungu la pili ni majani ya kati, yanayolingana na kiganja au vidole viwili vitatu: krotoni, haibiskasi, iksora, boganvilia, mkilua. Vitalu vyetu vimejaa fungu hili, na kwa hiyo bustani zetu nazo zimejaa fungu hili.

Fungu la tatu ni majani laini: membamba au madogo kiasi kwamba toka mbali huoni jani, unaona ukungu wa kijani. Mchaichai, kangaga, asparagasi, mafunjo, mrehani, mnyaa na vijiti vyake visivyo na majani ya maana, na kwa miti, mlonge, mkwaju na mvinje. Mengi ya fungu hili watu hawayahesabu kuwa ya bustani. Mchaichai wanaupanda nyuma ya jiko kwa ajili ya chai, mlonge kwa ajili ya mboga. Toa mchaichai nyuma ya jiko, uweke karibu na jani la jimbi, utanielewa.

Ukishayapanga, yashike moja moja. Mengine yana manyoya, mengine yamepakwa nta, mengine yanakwaruza. Ua la Usambara, lile la chungu ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya miaka ya 1890 kutoka milima ya Tanga, lina jani lenye vinyweleo kama kitambaa cha mahameli. Linakaa barazani kwenye kivuli, karibu na kiti, kwa sababu uzuri wake unaonekana ukiwa umbali wa mkono tu. Limwagilie kwa chini. Maji yakikaa juu ya vinyweleo yanaacha madoa.

Kama upo Arusha, Nairobi au Njombe ambako kuna baridi, mafungu ni yale yale, majina ndiyo yanabadilika. Angalia kinachostawi kwa jirani.

Hatua ya 5: Chagua mmoja wa kutawala

Fikiria kanga. Kuna pindo linalozunguka, na kuna mji katikati. Kanga ikiwa mji mtupu bila pindo, au pindo tupu bila mji, hainunuliki. Kitanda chako nacho kinahitaji mji, na mji ni fungu la majani mazito.

Chagua aina moja tu. Panda mimea mitatu ya aina hiyo pamoja, si mmoja hapa na mmoja kule. Usiiweke katikati kabisa ya kitanda, isogeze upande mmoja, kama theluthi ya urefu kutoka mwisho.

Mbona pamoja? Mmea mmoja wa majani makubwa ukiwa peke yake unaonekana kama uliosahauliwa. Mitatu inakuwa kitu kimoja chenye uzito. Roberto Burle Marx, Mbrazili aliyebuni bustani nyingi kubwa za nchi ya joto (alizaliwa 1909, akafariki 1994), alijulikana sana kwa kupanda hivi: fungu kubwa la aina moja, limepakana na fungu jingine lenye jani tofauti kabisa. Mimea mingi aliyotumia hustawi pwani yetu bila tabu, na mingine ipo kwenye vitalu vya barabarani hivi sasa.

Kosa la kawaida: kupenda majani makubwa mpaka kuyajaza. Uwanja mdogo ukijaa monstera na migomba unabana, unahisi kuta zimesogea. Majani mazito yasizidi theluthi moja ya kitanda. Kwenye uwanja mdogo sana mimi huweka robo.

Hatua ya 6: Chagua wa kumpinga, kisha wa kuwaunganisha

Baada ya jani zito, watu wengi hurukia fungu la kati. Mimi naenda kwanza kwenye fungu laini, kwa sababu ukubwa wa jani hauonekani bila udogo kuwa kando yake. Jimbi peke yake ni jimbi. Jimbi likiwa na kangaga miguuni, kila mshipa wa jani lile unaonekana.

Chagua aina mbili za majani laini: moja inayosimama, kama mchaichai au mafunjo, na moja inayotambaa au kuinama, kama kangaga. Halafu ndipo uchukue aina moja, au mbili ukiwa na nafasi, ya fungu la kati iunganishe pande hizo. Hapa maua yanaruhusiwa. Iksora ikichanua kati ya jimbi na mchaichai inaonekana maradufu, kwa kuwa haishindani na maua mengine kumi.

Aina nne au tano kwa kitanda cha mita 6 zinatosha. Najua ni ngumu. Ukifika kitaluni kila mche unakuita.

Kuna swali moja hapa linalowachanganya wengi: majani laini yakae mbele au nyuma? Inategemea unakiangaliaje kitanda. Ukikitazama kwa ubavu, kutoka barazani, weka laini na fupi mbele kama pindo, na zito nyuma yake. Lakini kama unakitazama kwa urefu, mfano kutoka getini kuelekea mlangoni, weka mazito karibu na wewe na laini mwisho kabisa. Majani makubwa hujisogeza mbele ya jicho, madogo hurudi nyuma, na uwanja mfupi unaonekana mrefu. Nimeona njia ya mita nane ikaonekana kama kumi na mbili kwa hilo tu.

Mfano wa kitanda kamili

Hiki ni kitanda cha mita 6 kwa mita 1.5, kinapata jua la asubuhi, mchana kina kivuli cha ukuta. Unaweza kukinakili kama kilivyo.

- Majimbi ya mapambo 3, umbali wa sentimita 90 kati yao, upande wa kushoto nyuma
- Mchaichai mashina 2, sentimita 90, upande wa kulia nyuma
- Iksora 5, sentimita 60, katikati, zikipita mbele ya mchaichai hadi ubavuni mwa majimbi
- Kangaga 5, sentimita 50, miguuni mwa majimbi
- Nyasi fupi za mondo 30, sentimita 20, mstari wa mbele kama pindo

Kama kitanda chako kinachomwa na jua kutwa, majimbi hayatapenda. Weka mikonge ya mapambo mitatu badala yake, kangaga uitoe uweke asparagasi, na mondo usiipande, maana nayo itaungua. Jirani na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach kwenye upepo wa chumvi, tegemea mkonge, mkadi na mvinje.

Hatua ya 7: Panga ukiwa bado kwenye viriba

Nunua miche, usichimbe. Iweke juu ya ardhi ikiwa kwenye viriba vyake, kwa umbali uleule ulioandika. Rudi kwenye kiti. Piga picha, ondoa rangi, angalia tena kama Hatua ya 2. Sogeza. Iache usiku mmoja, uiangalie asubuhi.

Hapa kitanda kitaonekana kitupu, na utashawishika kuongeza miche kujaza mapengo. Usiongeze. Shina moja la mchaichai linalotoshea kwenye kopo leo, ndani ya miezi kadhaa litakuwa na upana wa mkono mzima ulionyooshwa. Ukijaza leo, mwakani umbile lote linakuwa kichaka kimoja, na unarudi kwenye ule uji wa kijivu.

Jaribio jingine: finya macho nusu uangalie. Unapaswa kuona mafungu matatu manne yanayotofautiana. Ukiona madoadoa, umetawanya mimea ya aina moja. Ikusanye.

Hatua ya 8: Andaa udongo, upande

Tifua kitanda chote kwa kina cha sentimita 30, toa mawe na mabaki ya saruji. Haya mabaki ya ujenzi kando ya ukuta ni adui anayesahaulika: saruji ina chokaa, na chokaa huwanyima baadhi ya mimea madini ya chuma. Yaondoe kweli kweli, hasa pale unapotaka kupanda iksora.

Changanya samadi au mboji. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, usiwe bahili hapa. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba na kina sawa na kiriba, lisizidi. Chana kiriba, kitoe, legeza mizizi iliyojizungusha, weka mche usawa uleule uliokuwa nao kwenye kiriba. Shindilia kwa mikono, mwagilia hadi maji yatuame.

Anza na yale mazito nyuma, njoo mbele, malizia na pindo. Ukianza na pindo utalikanyaga.

Hatua ya 9: Matandazo, na ardhi kama umbile

Tandaza sentimita 5 hadi 7 za matandazo, uache nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina ili lisioze. Makumbi ya nazi yaliyokatwa yana umbile zito kiasi, yanafaa chini ya majani laini. Nyasi kavu au majani yaliyosagika yanafaa chini ya majani mapana. Kokoto inapendeza chini ya mkonge, ila kwenye jua kali inatunza joto, usiizungushie kangaga.

Njia yako ya pevingi nayo ina umbile. Acha kangaga au mondo iinamie ukingo wake kwa sentimita chache, ule mstari mkali wa saruji utavunjika wenyewe.

Hatua ya 10: Tunza umbo, usinyoe

Mimea ikishika, kazi inayobaki ni kupogoa, na hapa ndipo bustani nyingi nzuri zinapoharibiwa. Mtunza bustani anafika na mkasi mkubwa, ananyoa kila kitu duara au bapa. Iksora, boganvilia na krotoni zikinyolewa hivyo zote zinakuwa na umbile moja, la ukuta. Kaa naye, mwonyeshe. Kila mmea upogolewe kwa tabia yake: jimbi, unakata jani lililozeeka chini kabisa kwenye shina, iksora, unafuata tawi moja moja hadi kwenye kifundo, mchaichai, mara moja au mbili kwa mwaka unaukata wote ubaki sentimita 20 au zaidi kidogo, nao unachipua upya. Kangaga, toa makuti makavu kwa mkono tu.

Majani mapana hukusanya vumbi, hasa karibu na barabara isiyo na lami, na jani lenye vumbi halina mng'ao wala mishipa. Yapulizie maji kwa mpira asubuhi mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi.

Tahadhari

Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unaumiza vibaya sana na unaweza kukupofusha kwa muda. Vaa miwani, usiupande karibu na wanapocheza watoto. Monstera, filodendroni, difenbakia na majimbi ya mapambo yana chembe zinazochoma na kuvimbisha mdomo yakitafunwa. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, yaweke nyuma ya safu nyingine au uyaache kwanza. Ncha za mkonge zisiwe usawa wa macho ya mtoto kando ya njia. Zikate ncha kwa mkasi, jani halitakufa.

Usinunue mitapo iliyong'olewa msituni. Ni mmea wa kale, unaokua taratibu mno, na biashara yake ya kimataifa kwa mimea ya porini imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Umbile lake ni zuri ajabu, nakubali, ila ukitaka kuufurahia nenda ukauangalie kwenye bustani ya mimea. Ile ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1893, ni mahali pazuri pa kwenda na simu yako ufanye zoezi la picha bila rangi.

Na vyombo vyenye maji yaliyotuama chini ya vyungu vimwage kila wiki. Jiji hili limekuwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji kidogo tu, hata yale yanayokaa kwenye makwapa ya majani ya mimea kama nanasi la mapambo.

Matatizo na marekebisho

Bustani ni nzuri kwa karibu, kwa mbali haionekani. Majani laini yamezidi. Ongeza mimea mitatu ya majani mazito mahali pamoja, usitawanye.

Inachosha macho, kila kitu kinapiga kelele. Una aina nyingi mno, au majani mengi yenye mabaka na rangi mbili. Bakisha aina moja yenye mabaka, nyingine zote ziwe kijani kitupu.

Majani ya mgomba yamechanika vipande. Ni upepo, hasa kusi. Jani lililochanika limeshahama fungu, kutoka zito hadi laini, na mpango wako umevurugika. Hamishia mgomba kwenye kona iliyokingwa na ukuta, au ubadilishe kwa mkonge ambao hautishwi na upepo.

Iksora inageuka njano, mishipa imebaki kijani. Angalia kama iko karibu na ukuta au msingi. Ni ile chokaa ya saruji. Chimbua uondoe mabaki, ongeza mboji nyingi, au uihamishe nusu mita mbele.

Kangaga imekauka ncha. Jua la mchana au udongo mkavu. Ongeza matandazo kwanza, usubiri wiki mbili kabla ya kuihamisha.

Wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya krotoni. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila baada ya siku nne au tano hadi waishe. Angalia na sisimizi, ndio wanaowalinda na kuwahamisha.

Jimbi moja limekua kuliko yote na limeziba dirisha. Kata majani mawili ya chini upande wa dirisha, kisha chimbua machipukizi yanayotoka pembeni. Usiyatupe. Yaweke kwenye viriba, kivulini, maji kila siku. Yule mama jirani yangu sasa ana viriba kumi na viwili vya majimbi chini ya mwembe wake, na mwezi Machi ataanza kitanda cha pili upande wa getini.